CHEMBE BUTU HUMRUDIA MWENYEWE

(Haya ni maneno tuliyoyasema sisi wa kikundi cha wafua chuma mbele ya mkutano wa ushirika. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ombi la wanachama waliokuwa ziwani siku ile.)

 

Tumepewa nafasi ya kusema juu ya mishale. Wengine wamecheka waliposikia. Wamesema, “Mishale tena? Si mambo ya babu zetu hayo?” Lakini ndugu, nendeni nyumba kumi za jirani muone. Ngapi hazina upinde nyuma ya mlango? Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi baada ya vita vya Kagera na watu wa Unyamwezi na Usukuma wakaanzisha Sungusungu, upinde umekuwa silaha ya ulinzi wetu. Mwaka 1989 Bunge likapitisha sheria iliyoutambua ulinzi huo wa jadi. Kwa hiyo mishale ipo, na itaendelea kuwepo. Shida yetu ni kwamba iliyo mingi ni mibovu.

Tunaanza na kosa letu wenyewe, maana mtu asiyesema kosa lake hana haki ya kufundisha.

Wote mnakumbuka ule usiku wa masika nguruwe pori walipoingia katika viazi kule bondeni. Mwano ulipigwa, vijana wakatoka. Nguruwe mmoja mkubwa akapigwa mishale mitatu, na yote ikampata. Hakuanguka. Alikimbilia matete, na vijana walipomfuata aligeuka, akampasua mwenzetu paja. Kijana huyo yupo hapa leo, amekaa pale kwenye gogo, na tunamshukuru Mungu kwamba anatembea. Lakini msimu mzima hakushika jembe.

Asubuhi tuliikusanya ile mishale. Chembe cha kwanza kilikuwa kimejikunja kama ndoana. Cha pili kilikuwa kimechomoka kwenye mti wake. Cha tatu kilikuwa kizima, ila makali yake yalikuwa mazito kama ukingo wa kijiko. Na vyote vitatu, ndugu zetu, vilitoka katika karakana yetu. Tuliviuza sisi, tukapokea pesa. Aibu ile ndiyo iliyotusimamisha hapa.

JAMBO LA KWANZA: MSHALE UNAUA KWA NAMNA GANI

Vijana wengi wanadhani mshale ni kama risasi. Sivyo. Risasi inakwenda kasi sana, inavunja na kupasua kwa kishindo. Mshale unakwenda polepole. Kazi yake ni kukata tu. Unakata mishipa, damu inatoka, mnyama anaishiwa nguvu. Chembe kikiwa kikali, mnyama huanguka karibu. Chembe kikiwa butu, kinasukuma nyama na kuichana, mishipa inateleza pembeni kama kamba mbichi mbele ya panga butu. Mnyama anaondoka na maumivu makali na hasira, na anayemkuta kesho yake ni mtoto anayekwenda kuchota maji.

Kwa hiyo tunaposema kunoa, tunasema juu ya usalama wa kijiji. Na pia ni huruma. Hata kiumbe anayetuharibia viazi, hana haja ya kuteseka siku tatu kwa uvivu wetu.

JAMBO LA PILI: KUCHAGUA UMBO

Chembe, yaani kile chuma cha mbele (wengine mnakiita kigumba), kina maumbo mengi. Tutazame majirani zetu Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, mashariki ya huku kwetu. Wale ndio wanaoishi kwa upinde mpaka leo, na hawabebi mshale wa namna moja. Wa kwanza ni wa mti mtupu uliochongwa, kwa ndege na wanyama wadogo. Wa pili una chembe cha chuma kipana kama jani, hakina sumu, kinakata. Wa tatu una chembe chembamba chenye miiba, na huo ndio wa sumu, kwa mnyama mkubwa. Ile miiba kazi yake ni kukizuia chembe kisitoke mpaka sumu iingie. Na vyembe vyao huvifua kwa misumari, kwa kuigonga juu ya jiwe bila hata moto.

Somo liko wapi? Kila umbo lina kazi yake. Sisi tuliwaiga miiba bila kujua sababu yake. Mmekuja karakana mkasema, “Tutengenezee chenye miiba, kinatisha.” Tukatengeneza. Lakini chembe cha miiba bila sumu ni hasara tupu. Hakikati vizuri, na kikimpata mtu kwa bahati mbaya, hakitoki ila kwa kisu cha daktari. Kuanzia leo karakana yetu haitafua tena chembe cha miiba. Tutafua cha jani.

Na jani lenyewe liwe na kipimo. Urefu uwe mara 3 ya upana. Upana ukiwa sentimita 2 na nusu, urefu uwe sentimita 7 na nusu. Kikiwa kifupi na kipana mno, kinagonga na kusimama. Kikiwa kirefu na chembamba mno, kinapenya lakini kidonda ni kidogo, na chuma hujikunja upesi. Kipimo hiki cha 3 kwa 1 hakikutoka kwetu. Alikipigania pia Mmarekani Howard Hill, mpiga upinde mashuhuri aliyekuja Afrika na kutengeneza filamu iliyoitwa Tembo, iliyoonyeshwa mwaka 1951. Mtu wa mbali na mzee wa Kisukuma wakikubaliana juu ya jambo, aghalabu jambo hilo ni kweli.

JAMBO LA TATU: KUCHAGUA CHUMA

Zamani chuma cha nchi hii kiliyeyushwa na Warongo, ng'ambo ile ya Geita na Buzinza. Majembe yao yalivuka mpaka Usukumani, yakatumika hata kulipia mahari. Mkitaka kujua heshima ya kazi hii, nendeni Makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa, mtazame nyumba ya mhunzi. Siku hizi hatuyeyushi. Tunaokota vyuma vya kale. Lakini si kila chuma kinafaa.

Msumari mkubwa wa inchi 6 ni chuma laini. Unafulika kwa urahisi na kunoleka kwa urahisi, lakini makali yake hayadumu, na ukigonga mfupa unajikunja. Hata ukiutia moto na kuuzamisha majini hauwi mgumu, kwa sababu hauna kile kinachokipa chuma ugumu, yaani kaboni ya kutosha. Vile vyembe vitatu vya usiku ule vilikuwa vya msumari. Tulijua, tukanyamaza, kwa kuwa misumari ni rahisi kupata.

Springi ya gari na msumeno wa zamani ni chuma chenye kaboni. Hivyo ndivyo vinavyofaa. Tupa iliyochakaa nayo inafaa, lakini isipotulizwa vizuri huvunjika kama chupa.

Namna ya kukipa ugumu ni hii. Kikishafuliwa, kitie motoni mpaka kiwe chekundu na sumaku isikishike tena. Hapo kizamishe katika mafuta. Mafuta ya mbegu za pamba yanafaa sana, na pamba si mgeni kwetu. Usitumie maji ya ziwa, yanapoza kwa ghafula na chembe hupasuka. Kikitoka katika mafuta ni kigumu kupita kiasi. Kisugue mpaka king'ae, kisha kipashe tena polepole, upande wa mkia ukiwa karibu na makaa. Tazama rangi inavyotembea. Kwanza manjano kama majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu buluu. Makali yakifika zambarau inayoelekea buluu, kitoe. Hapo kitakuwa na ugumu wa kushika makali na ulaini wa kutovunjika mfupani.

Onyo: msumari au chuma chochote kilichopakwa zinki, kama misumari ya kuezekea bati, usikitie motoni. Moshi wake unaleta homa na kuumiza kifua. Mmoja wetu alilala siku mbili kwa ajili hiyo.

JAMBO LA NNE: KUKIFUNGA NA KUKIPIMA

Chembe kizuri kwenye mti mbaya ni bure. Mkia wa chembe uingie katika mti kwa kubana, kisha pafungwe kwa ukano wa ng'ombe uliolowekwa. Ukano ukikauka unakaza wenyewe. Juu yake paka utomvu, mvua isiulegeze. Usifunge kwa uzi wa nyavu peke yake. Ndio uliotumika kwenye kile kilichochomoka.

Halafu jaribu mambo mawili. La kwanza, simamisha mshale ncha ikiwa chini, juu ya ubao, uuzungushe kati ya viganja. Ncha ikiyumba, chembe kimekaa upande, na mshale wako utakwenda upande. Kirekebishe. La pili, laza mshale juu ya kidole utafute mahali unapolala sawa. Mahali hapo pawe mbele ya katikati, kuelekea kwenye chembe. Mshale wa sentimita 80, katikati yake ni 40. Mahali pa kulala sawa pawe sentimita 8 mpaka 12 mbele ya hapo. Ukiwa chini ya hapo, mbele ni kwepesi na mshale utatangatanga. Ukizidi sana, utainamisha kichwa na kuanguka karibu.

Na mishale yako yote iwe na uzito mmoja. Mizani ya duka la ushirika ipo. Mwenye duka amekubali kutupimia siku ambayo hakuna wateja wengi. Tunamshukuru.

JAMBO LA TANO: KUNOA

Sasa tumefika penyewe.

Wengi wetu tunanoa juu ya jiwe lolote, na mawe si haba huku kwetu. Lakini mawe haya yetu makubwa ya ufukweni, ndugu zake lile Jiwe la Bismarck pale Mwanza mjini, ni mawe ya punje punje. Punje moja ngumu, ya pili laini. Kwa panga la kufyekea yanatosha. Kwa chembe hayafai, yanaacha makali yenye meno yasiyo sawa. Tafuta kinoo cha punje ndogo zilizo sawa, kama cha mchanga ulioganda. Na uwe na tupa yenye meno madogo, iliyotiwa mpini. Tupa bila mpini itakuchoma kiganja, usiseme hatukukwambia.

Hatua ni hizi:

1. Pata pembe ya kunolea. Chukua karatasi, hata ya daftari la mtoto. Kona yake ni nyuzi 90. Ikunje kona hiyo ukingo kwa ukingo, unapata 45. Ikunje tena, unapata 22 na nusu. Basi hiyo ndiyo pembe ya kulaza tupa yako kwa kila upande. Ukilaza zaidi ya hapo, makali yatakuwa membamba na yatavunjika. Ukisimamisha zaidi, yatakuwa mazito.

2. Paka masizi ya kibatari kwenye makali. Piga tupa mara mbili, tatu, kisha tazama. Masizi yakitoka juu tu na kubaki ukingoni, tupa hujaifikisha kwenye makali. Yakitoka ukingoni tu, umeisimamisha mno. Yatoke yote sawasawa.

3. Sukuma tupa mbele, kutoka mkiani kwenda nchani, mbali na mwili wako. Usiivute kurudi ikiwa imegusa chuma. Meno ya tupa hukata yakienda mbele tu, na ukiyavuta unayaua. Hesabu. Ukipiga 10 upande huu, piga 10 upande wa pili.

4. Endelea mpaka usikie ukungo mdogo wa chuma umejikunja upande wa pili. Utausikia kwa kupitisha kidole kutoka katikati ya jani kwenda nje, wala si kando ya makali. Ukungo huo ni ishara kwamba umefika. Wengi huacha kunoa kabla ya hapo, ndiyo maana vyembe vyao vinang'aa lakini havikati.

5. Ukungo huo lazima utoke, kwa maana ukibaki utajikunja juu ya makali kwenye pigo la kwanza. Hamia kwenye kinoo. Piga kwa wepesi, mara moja huku, mara moja kule, mpaka usiusikie tena.

6. Maliza kwa ngozi. Kipande cha mkanda wa ng'ombe kinatosha. Buruta chembe kwa kurudi nyuma, mgongo ukitangulia makali, mara 20 kila upande.

Kupima makali usitumie kidole gumba, kama tulivyozoea. Tazama ukingo juani. Ukiona mstari mweupe unaong'aa, hapo ni butu. Makali ya kweli hayaonekani. Halafu kata ukanda mwembamba wa mpira wa ndani wa baiskeli, uuvute kidogo tu, uguse kwa chembe. Ukikatika bila kusukumwa, ni sawa. Ukisukumika na kuteleza, rudi kwenye kinoo. Mpira ule ni kama mshipa, nao ni laini na unakimbia.

JAMBO LA SITA: KUTUNZA

Hewa ya ziwa inaleta kutu upesi. Makali yaliyonolewa leo, yakiachwa bila mafuta, baada ya wiki chache yameliwa. Paka samli au mafuta kidogo. Usitie mishale ikagongana ndani ya podo. Chukua kandambili iliyochakaa, ikate, choma vyembe ndani yake, kila kimoja na nafasi yake. Mshale uliopiga udongo hata mara moja unoe tena kabla ya kuurudisha. Na kwa mazoezi ya vijana, tumieni mishale ya ncha za mti. Weka kila kitu juu, mbali na watoto. Chembe tunachokisema hapa kinakata kama wembe.

JAMBO LA MWISHO: SUMU NA SHERIA

Kuna wanaosema, “Kunoa kwa nini, paka sumu yaishe.” Hapana, ndugu zetu. Sumu ya mishale hugonga moyo, na haichagui kati ya nguruwe na binadamu. Mkwaruzo mmoja gizani, ukitaka kupita seng'enge, umekwisha. Wahadzabe wanaijua tangu utotoni. Sisi hatuijui. Tena kuwinda kwa sumu kumekatazwa na sheria. Chembe kikali hakihitaji sumu, na mwenye kutafuta sumu mara nyingi ni yule aliyeona uvivu kunoa.

La pili tunalisema kwa uchungu. Wapo vijana wetu wanaokuja kwetu kununua vyembe, na tunajua wanaelekea mashariki, Serengeti, kwa swala na nyumbu. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila leseni. Ukikamatwa, kifungo si cha siku mbili. Mama yako ndiye atakayeuza mbuzi, tena atamwuza bei ya kutupa. Kumfukuza mnyama shambani na kujikinga ni jambo moja. Kwenda kumwinda ni jambo jingine. Na mnyama akiuawa kwa kujikinga, taarifa itolewe kwa serikali ya kijiji na kwa watu wa wanyamapori, siyo kugawana nyama usiku. Nyama ya usiku huvunja umoja asubuhi.

La tatu ni kwa walinzi. Upinde wa ulinzi haukupewa mtu ili ahukumu. Mwizi aliyekamatwa anapelekwa kunakohusika. Mshale uliokwisha toka haurudi, na anayekimbia gizani huenda ni jirani aliyetoka kutafuta ndama wake.

Kwa hiyo basi, ndugu Mwenyekiti, tumeazimia haya. Vyembe vyote vya msumari tulivyouza vitarudishwa karakana, na kila mwenye navyo atapewa vya springi bila kulipa. Chuma tutakitafuta sisi. Kila siku ya gulio, kuanzia saa 2 asubuhi, mmoja wetu atakaa chini ya mwembe na tupa na kinoo, kumfundisha yeyote anayetaka, mwanamke kwa mwanamume. Kisu cha samaki, mundu na panga hunolewa kwa sheria hizo hizo, pembe tu ndiyo inayobadilika. Wala hatutamwuzia chembe kijana asiyeandikwa katika daftari la ulinzi la kijiji. Atakayeona tunambagua, aje tuzungumze.

Yule kijana aliyepasuliwa paja ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kujifunza. Hakutulaumu. Alikaa siku nzima, akanoa chembe kimoja mpaka kikakata mpira, akakiweka mbele yetu, akasema, “Wazee, cha usiku ule kingekuwa hivi.” Hatukuwa na jibu. Jibu letu ndilo hili tulilolisimamia leo.